Saa Nane Mchana

Hotuba hii niliitoa mjini Moshi mbele ya waongozaji, wapishi na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, wiki chache kabla ya msimu wa Juni. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na nimeondoa vichekesho viwili ambavyo vilifaa ukumbini tu.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa mlima, waongozaji, wapishi, na ninyi wagumu, yaani wapagazi wetu, ambao bila mabega yenu hakuna mgeni ambaye angeiona hata kambi ya Mandara: shikamooni kwa wanaostahili, na wengine wote nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie safari yangu ya Aconcagua, ule mlima mrefu wa Argentina, na ninajua kwamba wengi mmekuja kusikia habari za kileleni. Naomba niwatoe hamu hiyo mapema ili tusipotezeane muda: kileleni sikufika. Niligeuka saa nane mchana, juu ya mita 6,600, mahali ambapo unaanza mteremko mkali wa changarawe unaoitwa Canaleta, nikiwa bado na nguvu miguuni. Picha ya bendera ambayo baadhi yenu mliisubiri kwenye simu haipo. Nilicho nacho ni habari ya siku tano nilizokaa nyumbani Marangu kabla ya kuondoka, na ninawaambia kwa uhakika kwamba kugeuka kule kulianzia huko, kwenye migomba ya baba yangu, kabla sijauona mlima wenyewe kwa macho.

Kwa Mchagga, kwenda nyumbani Desemba ni jambo lisilohitaji maelezo. Kuanzia katikati ya mwezi mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, magari madogo hupanda kutoka Himo yakiwa na mizigo hadi juu ya paa, na karibu kila boma lina mbuzi anayehesabiwa siku zake. Lakini sisi wa mlima ni Wachagga wa ajabu kidogo, kwa kuwa tunaishi umbali wa saa chache kutoka nyumbani na bado hatuendi, kwa sababu wageni wengi hupenda kuupokea mwaka mpya wakiwa kilele cha Uhuru, na anayelipa ndiye anayepanga kalenda. Katika miaka 19 ya kazi hii, tangu nikiwa mgumu hadi leo, nimekula Krismasi nyumbani mara nne tu. Ya nne ndiyo hii ninayoisimulia, na niliipata kwa sababu msimu wa Aconcagua huanza katikati ya Novemba na kumalizika katikati ya Machi, wakati wenzetu wa Argentina wako katika majira yao ya joto. Tiketi yangu ilikuwa ya tarehe 3 Januari, kupitia Addis Ababa na São Paulo hadi Buenos Aires, kisha Mendoza. Nikakataa kazi za mwisho wa mwaka, nikatoka Arusha tarehe 22 Desemba, nikateremka Njiapanda ya Himo na kudaka gari la Marangu Mtoni.

Nilikwenda na begi dogo. Viatu vizito vya barafu, vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya viatu, koti la manyoya na vingine vyote niliviacha Arusha makusudi, nikidhani kwamba mama asipoviona hatakuwa na la kuuliza, na kwamba sote tutakula sikukuu kama watu wengine, kisha nitaaga kwa maneno machache kama ninavyoaga kila ninapopanda kwa njia ya Machame au Rongai. Mke wangu na watoto walikuwa wametangulia. Mama alikuwa amepika mtori, baba alikuwa kwenye kahawa zake akikata matawi yaliyokufa, na Kibo, sehemu ya juu ya mlima wetu, ilionekana wazi hadi saa nne asubuhi ya kesho yake, kisha mawingu yakaifunika kama kawaida yake. Siku ile ya kwanza nilijipongeza kwa ujanja wangu.

Siku ya pili ilikuwa ya marafiki, na hapo ndipo nilipoanza kubanwa. Ninyi mnajua safari kama ile haiwezekani kwa mshahara wa mwongozaji. Nauli, kibali cha kupanda, bima, na malipo ya nyumbu wanaobeba mizigo hadi kambi kuu, nao ni nyumbu wa kazi, mtoto wa punda na farasi, si wale wa Serengeti, vyote hivyo vilihitaji michango. Rafiki zangu niliosoma nao shule ya msingi waliunda kamati yenye mwenyekiti na mweka hazina, wakafungua kundi la simu, wakachangisha kama wanavyochangisha harusi. Jioni ya tarehe 23 waliniita kilabuni, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikawa imekwishatengwa, na kata ilipoanza kuzunguka mweka hazina akafungua mfuko wa nailoni na kutoa fulana za njano zilizochapwa picha yangu. Chini ya picha paliandikwa neno moja kwa herufi kubwa: KILELENI.

Niliitazama fulana ile kwa muda. Rafiki mmoja, ambaye hajawahi kupita Mandara, akasema, "Bwana, wewe Uhuru umefika mara ngapi? Huko ni kuongeza mita elfu moja tu." Kwa hesabu ya karatasi alikuwa sahihi, maana Uhuru ni mita 5,895 na Aconcagua ni mita 6,961. Nikajaribu kumweleza, na nadhani kwa hapa ukumbini nitaeleweka zaidi kuliko kilabuni. Kwetu unaondoka kambi ya Barafu au ya Kibo usiku wa manane, unafika juu alfajiri, unapiga picha, na baada ya dakika chache unashuka kuitafuta hewa. Kule kambi ya mwisho, iitwayo Cólera, iko karibu mita 6,000, kwa maana ya kwamba unatandika godoro lako na kulala mahali palipo juu kuliko kilele chetu. Kwenye Uhuru mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, na kule unapungua zaidi ya hapo. Mlima ule pia haupo mbali na bahari ya Pasifiki, na upepo unaotoka upande huo hubeba theluji hadi mtu asione mguu wake mwenyewe. Wenyeji huuita upepo mweupe, nao huwakuta watu wakiwa njiani kurudi, siha imekwisha.

Nikawaambia wenzangu kwamba nashukuru, lakini fulana zile zinaahidi kitu ambacho mimi sijaahidi, kwa kuwa wamechangia safari na kilele hakikuwemo katika bei. Pakawa kimya. Mweka hazina, ambaye ndiye aliyehangaika kuliko wote kuwapigia watu simu, aliudhika waziwazi, na simlaumu. Akaniuliza, "Sasa usipofika, sisi tuwaambie watu nini?" Nikamjibu, "Waambieni nimerudi." Alicheka mmoja tu, wa pembeni. Wengine walizungusha kata na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya kahawa, lakini niliporudi nyumbani usiku ule nilijisikia mwepesi kwa namna ambayo sikuwa nimeitarajia, kama mtu aliyetua kifurushi ambacho hakujua kwamba amekibeba.

Tarehe 24 sina la kusimulia. Nilipasua kuni, nikachimbua mfongo, mfereji wetu wa maji, uliokuwa umeziba kwa matope, na mtoto wa dada yangu akaniambukiza mafua. Hili la mafua nalitaja kwa sababu wapo vijana hapa wanaojiandaa kwenda milima ya nje: sikukuu ya nyumbani ina watoto wengi na kila mtoto ana pua yake, na kifua kilichoziba ni mwenzi mbaya sana wa mwinuko. Nilipona siku moja kabla ya ndege.

Krismasi yenyewe, baada ya kutoka kanisani, mke wangu alikuwa akitafuta soksi ya mtoto ndani ya begi langu. Soksi hakuipata. Alichokipata ni fomu ya bima, iliyokunjwa mara nne na kusukumwa chini kabisa. Fomu hizo mnazijua, maana ninyi ndio huwasaidia wageni kuzijaza: ugonjwa wa mwinuko, helikopta, kundi la damu, gharama za kusafirisha mwili, na mahali pa kuandika jina la mtu wa kuarifiwa. Mahali pale mimi nilikuwa nimeandika jina la mwongozaji mwenzangu wa Arusha. Nilipolijaza nilijiona mwenye busara, nikisema yule anajua Kiingereza, anajua mambo ya mlima, atazungumza na watu wa bima bila kubabaika, na nyumbani hawatashtuka bure.

Mke wangu aliisoma fomu yote akiwa amesimama, akaikunja tena kama alivyoikuta, akanijia nje nilikokuwa nageuza nyama. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Kwa hiyo ukifa, mimi nitaambiwa na nani?"

Ndugu zangu, swali lile sikulijibu, nikawa nageuza nyama ambayo ilikuwa imekwishaiva. Na nikiwa nimesimama pale niliziona sura zenu, kwa sababu nilijua kwamba kosa lile halikuwa langu peke yangu. Sisi mgeni akifika getini tunamkalisha chini. Tunamuuliza anatumia dawa gani, moyo wake ukoje, amewahi kupanda wapi, nani apigiwe simu. Kila kambi anaandika jina lake kwenye daftari, na asipoandika tunamfuata hemani. Lakini mgumu wetu anatoka nyumbani alfajiri na kumwambia mkewe neno moja, "Naenda mlimani," na mkewe hajui kama ni njia ya Lemosho au ya Umbwe, hajui kampuni, hajui siku ya kurudi, hana namba ya mtu yeyote zaidi ya ile ya mumewe, ambayo Barafu haipatikani. Humu ndani hakuna ambaye hajawahi kusimama kwenye mazishi ya mwenzake wa kazi. Wengi wetu pia tumewahi kuwa yule mtu aliyetumwa kupeleka habari kwenye boma asilolijua, akiuliza njia kwa watoto.

Tunajitetea kwa kusema kwamba kuyazungumza mambo hayo ni uchuro. Baba yangu mdogo alisema hivyohivyo asubuhi ya tarehe 26, baba alipotuita sote tukae kwenye viti chini ya migomba, kwa sababu habari ya fomu ilikuwa imekwishafika jikoni, na kutoka jikoni ikafika kwake. Baba mdogo akasema si vizuri kumtabiria mtu kifo siku ya pili ya Krismasi. Baba yangu alibeba mizigo mlimani katika miaka ya 1970, kabla ya mizani ya getini na sheria ya kilo 20, na si mtu wa maneno mengi. Akamjibu mdogo wake kwamba hakuna anayetabiri, ila yeye anataka kujua mambo mawili, na asipoyajua hatalala mwezi mzima wa Januari.

La kwanza lilikuwa la kuzikwa. Mchagga huzikwa kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, hili halina mjadala, na kila mtu pale alikuwa na habari ya yule Mkenya, Cheruiyot Kirui, aliyefariki Everest mwezi Mei 2024 karibu kabisa na kilele, na ambaye mwili wake ulibaki huko huko kwa kuwa kuushusha kungehatarisha watu wengine. Mama alisema kwamba yeye hawezi kuwa na mtoto ambaye hajui amelala wapi. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, jinsi ilivyo kumshusha mtu asiyeweza kutembea kutoka mahali pa juu namna ile, watu wangapi wanahitajika, na jinsi nao wanavyoweza kubaki. Alinisikiliza hadi mwisho. Wapo wanaodhani kwamba mama zetu hawawezi kuyabeba mambo haya. Kwa niliyoyaona, tusioweza kuyabeba ni sisi. Tukakubaliana kwamba kama ni chini, nirudishwe, na kama ni juu, asitumwe mtoto wa mtu mwingine. Baba akainuka, akatembea hadi kwenye isale, ile mimea tunayoipanda makaburini, zilizo kwenye kaburi la babu, akaonyesha kwa fimbo sehemu ya pembeni yake, akasema hapo watapanda isale yangu iwe nipo au sipo chini yake. Kisha akarudi kukaa. Mke wangu akanipa kalamu, nikakata lile jina la Arusha na kuandika lake.

La pili lilikuwa hili: "Utageuka saa ngapi?" Mtu aliyewahi kubeba mlimani ndiye anayejua kuuliza hivyo, maana wengine wote walikuwa wameniuliza nitafika saa ngapi. Nikamwambia saa nane mchana, popote nitakapokuwa, kwa sababu baada ya hapo mtu anashuka gizani. Akalirudia kwa sauti ili wote wasikie, akamwambia binti yangu wa darasa la tano aliandike. Binti akaleta daftari la hisabati akaandika: Baba anageuka saa nane mchana. Halafu akauliza kama ni saa nane ya kwetu. Tukapiga hesabu pamoja. Argentina iko nyuma yetu kwa saa sita, kwa hiyo saa nane mchana ya kule ni saa mbili usiku ya Marangu. "Basi ni wakati wa taarifa ya habari," akasema mama, na jambo hilo lilimridhisha kuliko maelezo yote niliyokuwa nimeyatoa. Niliwaambia tarehe zenyewe zitakuwa kati ya 18 na 21 Januari. Tarehe 27 alfajiri mchungaji alipita kutuombea, nami nikaondoka na begi langu dogo.

Ya mlimani nitayasema kwa kifupi. Tuliingia kwa bonde la Horcones, tukapanda hadi kambi ya Plaza de Mulas, tukabeba na kurudi, tukabeba na kurudi, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea kubebewa mizigo na ninyi lilinifundisha adabu. Siku ya kilele, tarehe 19, baridi na upepo vilituchelewesha. Ilipotimia saa nane tulikuwa chini ya Canaleta. Mwongozaji wetu mwenyeji alikuwa tayari kuwapa watu muda zaidi, kwa kuwa mbingu ilikuwa safi, na wenzangu wawili waliamua kuendelea. Mwongozaji msaidizi alikuwa anamshusha mwenzetu wa nne ambaye kichwa kilikuwa kinampasuka. Nikatazama saa, nikajua kwamba Marangu televisheni imewashwa na kwamba mama yangu anakitaja kitendo ambacho mimi bado sijakifanya. Nikawaambia wenzangu naungana na wanaoshuka.

Sitawadanganya kwamba mlima ulinithibitishia. Wale wawili walifika, wakarudi hemani saa tatu usiku wamechoka sana, mmoja akiwa na ncha za vidole zilizokuwa nyeupe ambazo baadaye zilipona. Wana picha zao. Huenda nami ningefika na kurudi. Kule chini nilimkumbuka Edward FitzGerald, Mwingereza aliyeongoza msafara wa kwanza kufikisha mtu kwenye kilele cha mlima ule: alijaribu tena na tena, akaugua kila mara na kugeuka, na tarehe 14 Januari 1897 mwongozaji wake, Mswisi Matthias Zurbriggen, akafika kileleni peke yake. Sisi waongozaji tunaipenda sehemu ya Zurbriggen, kama tunavyompenda Mzee Yohani Lauwo wa kwetu Marangu. Lakini hata Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kilele chetu mwaka 1889, na ambaye inasimuliwa kwamba Lauwo alimwongoza, alikuwa ameshageuka mwaka 1887 na kushindwa tena mwaka 1888. Wale walikuwa na fedha za kurudi. Sisi huenda mara moja kwa michango ya watu, na ndiyo maana fulana iliyoandikwa KILELENI inaweza kumsukuma mtu gizani.

Ombi langu kwenu kabla ya Juni ni dogo. Kabla ya safari yako ya kwanza ya msimu, nenda nyumbani, hata kwa siku moja, ukiwa na karatasi yenye njia utakayopita, tarehe ya kurudi, na namba mbili za watu walio chini. Mpe mkeo au mama yako mkononi, usiiache mezani. Na kama unakwenda kwa michango, kabla hujachukua fedha, waambie waliochanga saa utakayogeuka.

Siku mbili baada ya kushuka nilipata intaneti Plaza de Mulas, nikapiga simu nyumbani. Baba alitaka kujua kama vidole vya miguu viko kumi. Mama alisema kwamba walikaa siku zote nne mbele ya televisheni, hata baada ya kupata ujumbe kwamba nimeshuka, kwa sababu tarehe zilikuwa zimeandikwa. Halafu binti yangu akachukua simu. Nilisikia karatasi zikifunuliwa.

"Baba, uligeuka saa ngapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ilikuwa saa nane na dakika kumi, maana glavu zilinichelewesha.

"Umechelewa dakika kumi," akasema, na nikamsikia akiandika.